Mbele ya kununua karburateri mupya, muangalie kolekteri ya hewa

Koperative nyingi za kwetu zinapeleka kahawa, viazi na muhogo ku soko na gari za zamani. Kati ya hizo kuna Toyota Land Cruiser za esansi zenye moteri 2F: silinda 6 kwa mustari mumoja, litre 4,2. Toyota ilianza kutengeneza moteri hiyo mwaka 1975. Ni moteri ya nguvu, na mekanisiye wa kijiji anaweza kuitengeneza na vyombo vya kawaida. Lakini iko na fasi moja inayokulisha franga bure kama haujui kuiangalia: kolekteri ya hewa.

Mara nyingi mambo yanakuwa hivi. Gari inaanza kutetemeka kwa ralanti, inakunywa esansi mingi, inashindwa mulima na muzigo. Shofere anasema karburateri imekufa. Komite inatoa franga, karburateri mupya inafungwa, na gari inaendelea kutetemeka vilevile. Juu ya nini? Juu ya ugonjwa haukuwa ndani ya karburateri. Ulikuwa chini yake.

Kolekteri ni kitu gani?

Karburateri inachanganya hewa na esansi. Kolekteri ya hewa ni lile bomba lenye matawi, linalopokea muchanganyiko huo na kuugawa kwa silinda zote 6. Kwa moteri 2F, kolekteri ya hewa na kolekteri ya moshi ziko upande mumoja wa moteri. Zimefungwa pamoja katikati, chini ya karburateri, ili moto wa moshi usaidie esansi kugeuka mvuke. Na zote mbili zinakaa juu ya jointi moja.

Shida inatoka hapo. Chuma cha moshi kinapata moto mukali, kinapanuka, halafu kinapoa. Kisha miaka mingi kinajipinda, jointi inaungua, ao chuma kinapasuka. Hewa inaanza kuingia fasi haipaswi kuingia.

Hasara iko wapi?

Hewa ikizidi na esansi ikipungua, moto ndani ya silinda unakuwa mukali kupita kiasi. Supapi zinaungua. Jointi ni kitu cha bei ndogo. Kufungua kichwa cha moteri na kubadilisha supapi ni bei nyingine kabisa, na gari inalala garaji wakati mavuno yanaoza.

Kuna pia hatari kubwa zaidi. Kama gari yenu iko na ile ngoma ya kusaidia freni, ngoma hiyo inapata nguvu kwa mupira unaotoka kwenye kolekteri. Hewa ikipenya kwenye mupira huo ao kwenye kolekteri, freni inaweza kuwa nzito. Kwa barabara zetu za milima, na watu wamekaa juu ya magunia, hilo si jambo la kungojea.

Namna ya kutambua

Musikilize: ku ralanti, hewa inayopenya inapiga mluzi. Mufungue buji zote: kama moja ao mbili za jirani ziko nyeupe na zingine ziko za rangi ya kahawia, muangalie matawi ya upande huo. Kisha muwashe moteri ikiwa bado baridi, mupake povu nzito ya sabuni kwa burashi pale kolekteri ya hewa inaguswa na kichwa cha moteri. Kama povu inafyonzwa na mulio wa moteri unabadilika, mumepata tundu. Musifanye hivyo wakati chuma kiko moto, kinaweza kupasuka. Na musimwage hata tone la esansi ili kupima: gari na mutu vinaweza kuungua pamoja.

Kazi yenyewe

1. Usiku mbele ya kazi, mutie mafuta membamba kwenye buloni zote za kolekteri. Zimeshika kutu, na ikivunjika moja ndani ya kichwa cha moteri, kazi ya siku moja inakuwa ya juma nzima.

2. Moteri ikiwa baridi, mutoe waya wa batri, mufunge njia ya esansi, mutoe filtri ya hewa na karburateri. Kila mupira muufungie kitambaa chenye namba.

3. Mufungue buloni kuanzia pembeni kuelekea katikati. Mutoe kolekteri zote mbili pamoja, watu wawili, maana ni nzito.

4. Muzibe matundu ya kichwa cha moteri na vitambaa safi, muvihesabu. Mukwangue jointi ya zamani. Kipande kidogo kikianguka ndani kinaweza kuharibu supapi. Mukimaliza, muhesabu vitambaa tena.

5. Muweke rula ya chuma iliyonyooka juu ya nyuso zote. Kama mwangaza unapita chini yake, kolekteri imejipinda. Muipeleke kwa fundi wa mashini asawazishe zote mbili pamoja, zikiwa zimekwisha kufungwa moja kwa ingine. Akisawazisha moja peke yake, unene wa mbili hautalingana tena. Zile sahani zinazobana kolekteri mbili kwa mara moja zitabana moja tu, na ingine itaachia hewa.

6. Muweke jointi mupya, kavu. Silikoni hapana: esansi inailainisha. Karatasi ya karton pia hapana: moto wa moshi unaiteketeza.

7. Kama kolekteri zilisawazishwa pamoja, musizifungue tena. Kama hazikusawazishwa, buloni zinazoziunganisha muziache legelege kwanza, kila moja ipate kukaa vizuri juu ya jointi, muzikaze mwisho.

8. Mukaze kuanzia katikati kuelekea pembeni, kwa duru tatu: kidogo, nusu, halafu kabisa. Kukaza moja mpaka mwisho na kurudia ingine ndiko kunapinda chuma.

9. Muwashe, moteri ipate moto, muizime. Ikipoa, mukaze tena. Kisha safari chache, mukaze mara ya tatu. Duru hii wengi wanaisahau, na ndiyo inafanya jointi idumu.

Komite iulize nini?

Mbele ya kutoa franga za karburateri, komite imuulize mekanisiye maswali matatu. Umeangalia buji? Umepima kolekteri na povu? Umeweka rula juu ya chuma? Majibu yaandikwe katika kitabu cha gari, pamoja na tarehe na kilometa. Kama moja halijafanywa, franga zibaki ku kesi kwanza. Na kama freni imekuwa nzito, gari isibebe muzigo wala watu mpaka kazi iishe.