Jela ya Maneno na Jela ya Kweli

Binti wa kaka yangu, aliyetoka Mombasa kuja kusoma Nairobi, anakaa nasi katika vyumba viwili hapa Satellite. Juzi alinipa insha yake ya Kiingereza niisahihishe. Ameandika kwamba nyumba hii ni jela, naye ni mfungwa asiye na kosa. Nakiri, wasomaji, iliniuma.

Waama, Kiingereza kinaupenda mfano huu. Mtu huwa mfungwa wa mapenzi, wa mazoea, hata wa wakati. Waingereza wa zamani walisema mwanamke anayezaa amefungiwa ndani; sisi kwa jambo lilo hilo twasema amejifungua. Wala kwetu kufunga si dhiki daima: twafunga ndoa, twafunga safari, twafunga Ramadhani.

Lakini haifai kusema kuwa mfano huu ni wa wageni tu. Iko hadithi ya Mtume (s.a.w.), iliyopokewa na Muslim, inayoifananisha dunia na jela kwa muumini. Na Nabii Yusuf aliingia gerezani kweli kweli, si kwa mfano.

Ndipo nikamkumbuka Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Kwa waraka wake wa 1968, Kenya: Twendapi?, alifungwa tangu 1969 hadi 1972. Huko ndani alitunga mashairi kwa siri juu ya karatasi za msalani, yakatoka kitabuni 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Huyo aliyefungwa kweli, alipotaka mfano wa mwenye nguvu anayeogopwa, alimtaja mamba. Jela hakuwa na haja ya kuifanya mfano. Alikuwa ndani yake.

Nikamwambia binti, "Hebu niandikie haya kwa Kiswahili."

Akakaa kitambo, kisha akaandika mstari mmoja: hana pembe ya kusomea, kwani wageni wangu huzungumza hadi usiku mkubwa.

"Mbona hukusema hivi?"

"Ami, kwa Kiingereza ilikuwa rahisi. Kwa Kiswahili ungejua nakusema wewe."

Basi jela ikatoweka, likabaki kosa langu. Sasa baada ya sala ya Isha mazungumzo yamekwisha, na pembe ya dirishani ni yake. Neno lile sikulifuta katika insha. Nilimwandikia kando tu: mfungwa wa nani?