Gari ya Dizeli Imekosa Nguvu? Usikimbilie Kununua Turbo

Wengi mmezoea hapa tunaongelea mbegu, mbolea na viwavi. Leo tunaongelea turbo, na sababu ninayo. Nyanya ikishavunwa haisubiri mtu. Pikapu au Canter ikigoma njiani msimu wa mavuno, kazi ya miezi 3 inaozea kwenye matenga. Trekta nyingi za siku hizi nazo zina turbo, kwa hiyo hata kulima kunasimama.

Kinachouma zaidi ni pesa inayoliwa bure. Gari inakosa nguvu, fundi anasikiliza dakika mbili anasema "turbo imekufa". Mkulima anauza magunia, anafunga turbo nyingine, gari inabaki vilevile. Au mbaya zaidi, hiyo nyingine nayo inakufa baada ya siku chache, kwa sababu kilichoua ya kwanza bado kipo palepale.

Turbo inafanyaje kazi

Turbo ni feni mbili kwenye shafti moja. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni ya kwanza. Ya pili inavuta hewa kutoka kwenye filta na kuisukuma kwa nguvu ndani ya injini. Hewa ikitosha, dizeli inaungua vizuri na gari inavuta. Wazo hili si geni: mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alilipatia hataza mwaka 1905.

Kwenye injini ndogo za dizeli shafti hiyo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikiwa inaelea juu ya utando mwembamba wa oili ileile ya injini. Ndiyo maana turbo nyingi hazifi kwa uzee. Zinauawa na oili iliyopungua, iliyochafuka au iliyochelewa kufika, na vumbi linalopita kwenye filta mbovu.

Soma moshi kwanza

*Moshi mweusi na gari haivuti.* Dizeli ipo, hewa haitoshi. Angalia filta iliyoziba, mpira wa hewa uliopasuka au klampu iliyolegea. Nozeli mbovu pia zinaleta moshi huu. Turbo yenyewe iweke mwisho kwenye orodha.

*Moshi wa bluu.* Oili inaungua. Inaweza kuwa sili za turbo, lakini pia ringi za pistoni zilizolika au njia ya kupumulia injini iliyoziba. Kuna na hili ambalo mafundi wengi wanalisahau: bomba linalorudisha oili kutoka kwenye turbo kwenda kwenye sampu. Likiziba, oili inakosa pa kushukia na inatokea kwenye sili, hata kama turbo ni nzima.

*Moshi mweupe wakati injini imeshapata moto.* Hapa usianze na turbo. Angalia nozeli, na uone kama maji ya rejeta yanapungua.

Sikiliza na sauti. Ukikanyaga mafuta ukasikia hewa ikivuma "fyuuu", kuna sehemu inavuja. Mlio mkali kama king'ora, unaopanda kadiri unavyokanyaga, ni dalili ya feni kugusa nyumba yake au beringi kuchoka.

Kagua mwenyewe kabla ya kuita fundi

1. Toa filta ya hewa, iangalie kwenye mwanga. Kama imejaa vumbi, badilisha ujaribu gari kwanza.

2. Pitia mipira yote kutoka kwenye turbo hadi kwenye injini. Mpasuko mara nyingi hujificha chini, karibu na klampu, na huacha alama ya oili na vumbi lililoganda. Mpira ni bei ndogo sana ukilinganisha na turbo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

3. Pima oili. Angalia kiasi chake, na kama ni nzito kama lami.

4. Zima injini, iache ipoe kabisa, kisha fungua mpira wa kuingizia hewa kwenye turbo. Zungusha feni kwa kidole. Izunguke laini bila kukwama. Itikise kwa pembeni: kucheza kidogo ni kawaida, mradi isiguse ukuta. Sasa ivute na kuisukuma, ndani na nje: hapo isicheze kwa kiasi cha kuonekana. Kama inacheza, au mapanga yake yamemenyeka, turbo imeumia kweli.

5. Ukikuta utando mdogo wa oili ndani ya mpira usishtuke, hiyo hutokea. Oili ikiwa imetuama, tafuta chanzo.

Tahadhari. Usiweke mkono karibu na mdomo wa turbo injini ikiwa inawaka. Na turbo ikimwaga oili nyingi kwenye njia ya hewa, injini ya dizeli inaweza kuila hiyo oili na kupaa yenyewe, na ukizima swichi haizimiki. Ukiwa kwenye usukani wa gari ya gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu, weka gia kubwa, achia klachi ili izimike. Ikishindikana, toka na uwaondoe watu karibu na injini.

Matunzo ya kila siku

Ukiwasha asubuhi, iache injini ingurume taratibu kama dakika 1 kabla ya kuondoka, oili ifike juu. Wakati wa kuzima ni muhimu zaidi. Umepanda Kitonga na shehena ya mbolea, umefika Ilula unataka chai: usizime hapohapo. Iache ingurume dakika 2 au 3. Ukizima ghafla, oili inakwama kwenye turbo yenye moto mkali, inaungua na kuwa masizi magumu yanayoziba njia zake.

Badilisha oili na filta yake kwa muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari au trekta. Kwa trekta hesabu masaa ya kazi, siyo kilomita, na kama unalima kwenye vumbi usingoje muda uishe. Filta kavu ya hewa usiifue kwa dizeli wala kuigonga kwenye tairi. Ipulize kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, na ikichoka nunua nyingine. Kuendesha bila filta "kwa leo tu" ni kuisagisha turbo mchanga.

Ukilazimika kubadilisha

Mwambie fundi akuoneshe kilichoua ile ya kwanza. Kabla ya kufunga, amwage oili ya injini na aweke filta mpya, abadilishe bomba jembamba la kupeleka oili, asafishe lile la kurudisha, na atoe vipande vyote vya feni na oili kwenye mipira na intakula. Kwenye njia za oili atumie gasketi, siyo silikoni, maana vipande vyake vinaziba. Aweke oili safi ndani ya turbo kabla ya kuwasha, kisha aiache ingurume bila kukanyaga mafuta.

Fundi akikataa kukuonesha chanzo, usitoe hela ya turbo. Ifanye kazi hii sasa, mazao yakiwa bado shambani. Kila la heri msimu huu.