Kijiji kizimacho taa zake kila Desemba

Katika ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza, pale ambapo nchi hukoma na Atlantiki ikaanza, kuna kijiji cha wavuvi kiitwacho Mousehole. Msomaji anayelifuata jina hilo kwa tahajia yake atadhani ni tundu la panya. Wenyeji hulitamka "Mauzeli", au karibu na hivyo, na mgeni akilitamka vinginevyo hutambulika papo hapo. Zamani kiliitwa Porthenys, yaani bandari ya kisiwa, kwa sababu ya kijisiwa cha mawe kilicho mbele yake. Jina hilo ni la Kikornishi, lugha ya jimbo la Cornwall, yenye undugu wa karibu na Kiwelishi na Kibretoni kuliko na Kiingereza. (Hadi leo wapo watu wa Cornwall wasiopenda kabisa kuitwa Waingereza, na mimi sithubutu kubishana nao.)

Nilifika huko kwa sababu ya lugha hiyo. Sisi wanaisimu tuna tabia ya kuzuru makaburi ya lugha, na kaburi la Dolly Pentreath, aliyefariki Desemba 1777, limo katika ua wa kanisa la Paul, juu ya kilima kinachoelekea kijiji hicho. Vitabu vingi humtaja kuwa mtu wa mwisho aliyekizungumza Kikornishi tangu utotoni. Jiwe la ukumbusho liliwekwa hapo mwaka wa 1860 na mwanaisimu mwenzetu Louis Lucien Bonaparte, mpwa wa yule Napoleon aliyetikisa Ulaya.

Dolly alikuwa mchuuzi wa samaki. Mwaka wa 1768 alitembelewa na mwanasheria mmoja, Daines Barrington, aliyekuwa akiitafuta lugha hiyo kama atafutaye sarafu ya kale. Bwana huyo alimwambia kuwa amewekeana dau na mtu kwamba hakuna tena awezaye kuzungumza Kikornishi. Bibi akawaka. Kwa dakika mbili tatu alimmiminia maneno ambayo mgeni hakuelewa hata moja, huku wanawake wawili wa nyumba za mkabala wakicheka. Barrington aliwauliza kama alikuwa akitukanwa. Wakamjibu kuwa ndiyo, tena sawasawa.

Kisa hicho husimuliwa kwa ajili ya kuchekesha, lakini mimi huwatazama wale wanawake wawili. Walielewa kila tusi, ilhali wenyewe walikiri kwamba hawakuweza kuisema lugha hiyo kwa ufasaha. Miaka minane baadaye, mvuvi wa hapo hapo, William Bodinar, alimwandikia Barrington barua kwa Kikornishi na Kiingereza. Alieleza kwamba lugha hiyo alijifunza akiwa mvulana, alipokwenda baharini na babake pamoja na wanaume wengine watano, na kwamba ingeweza kupita wiki nzima asisikie humo mashuani neno la Kiingereza. Sasa, akaandika, waliobaki mjini ni wanne au watano, wote vikongwe, vijana wameisahau.

Na ilisahauliwa vipi? Nicholas Boson, mtu wa Newlyn, bandari iliyo jirani, aliandika katika karne ya 17 kwamba mamake aliwakataza watumishi na majirani kumsemesha Kikornishi. Bila shaka mama huyo alimtakia mwanawe mema. Sina haja ya kumweleza msomaji wa Kenya ni wapi kwingine amewahi kumwona mama wa namna hiyo.

Wapo waliokifufua Kikornishi kutoka vitabuni tangu mwaka wa 1904, Henry Jenner alipochapisha kitabu chake cha mafunzo, na mwaka wa 2010 UNESCO iliacha kukiorodhesha miongoni mwa lugha zilizokufa. Nafurahi kwa ajili yao. Lakini lugha ya Bodinar ilikuwa na mashua, na watu saba ndani yake.

Mashua nyingine ndiyo inayokumbukwa zaidi kijijini leo. Usiku wa tarehe 19 Desemba 1981, meli ya shehena Union Star, ikiwa katika safari yake ya kwanza kutoka Uholanzi kwenda Ayalandi, ilizimikiwa na injini ikasukumwa na dhoruba kuelekea majabali ya Cornwall. Ndani yake walikuwamo watu wanane, akiwamo mke wa nahodha na mabinti zake wawili. Helikopta ilijaribu kuwaokoa ikashindwa. Ndipo mashua ya uokoaji Solomon Browne, ya mbao, ikateremshwa kutoka kituo cha Penlee na wanaume wanane wa Mousehole, wote wa kujitolea. Kiongozi wao, Trevelyan Richards, alikataa kuchukua zaidi ya mtu mmoja kutoka nyumba moja. Kijana wa miaka 17 aliachwa ufukoni kwa kuwa babake alikuwa amekwisha kuchaguliwa.

Katika mawimbi yaliyofikia mita 18 waliweza kuisogelea meli, wakatoa habari kwa redio kwamba wamewapata watu wanne. Kisha redio ikanyamaza. Watu wote 16 walifariki. Kabla ya siku moja kwisha, kijiji kilikuwa kimekwisha kupata watu wa kutosha waliojitolea kuunda kikosi kipya, na yule kijana aliyeachwa ufukoni alikuja kuwa kiongozi wa mashua ya uokoaji ya Penlee.

Mousehole hupambwa kwa taa nyingi wakati wa Krismasi, na watu husafiri kutoka mbali kuja kuzitazama zikimetameta juu ya maji. Kila tarehe 19 Desemba taa hizo huzimwa kwa saa moja.

Mimi nilifika mwezi wa Januari, taa zikiwa zimeshushwa na wageni wamekwenda zao. Mdomo wa bandari ulikuwa umezibwa kwa magogo mazito, kama ufanywavyo kila majira ya baridi ili kuyazuia mawimbi. Mvuvi mstaafu mmoja alikubali kunitembeza katika vichochoro ambamo watu wawili hawapishani ila mmoja apinde bega. Hakutaja namba ya nyumba hata moja. Alisema hii ni ya fulani, ile ni ya nduguye, pale walikuwa wakitengeneza nyavu, hapa sadini walitiwa chumvi. Nikagundua, kwa mazoea ya kazi yangu, kwamba wenye nyumba aliwataja katika wakati uliopo, ingawa wengi wao walikuwa wamekwisha kufariki.

Giza lilipoingia nilihesabu madirisha yenye mwanga katika kichochoro kimoja. Yalikuwa matatu. Mengine ni nyumba za likizo. Cornwall yote inaugua ugonjwa huo: mwaka wa 2016 watu wa St Ives walipiga kura kuzuia nyumba mpya zisiuzwe kwa wasiokusudia kuishi humo, na tangu Aprili 2025 wenye nyumba za pili jimboni hutozwa kodi maradufu ya baraza.

Tuliposimama mbele ya nyumba moja nilimwuliza mzee ni nani anayeishi humo siku hizi. Alinitajia tena jina la marehemu. Nikarudia swali. Akakitazama kisanduku kidogo cha ufunguo kilichopigiliwa karibu na mlango, akasema kuwa hajui, wao huja na kujifungulia wenyewe.