Ufunguo Ndani ya Sanduku: Hitilafu za Kusanidi Kiini cha Linux

Makala haya yanakusudia kueleza tatizo linaloonekana kuwa mbali na taaluma yetu, ilhali limekwisha kutugusa. Baadhi yetu tunaoishi Port Reitz huandika tasnifu kwenye kompyuta kuukuu, na Linux ndiyo huzirefushia maisha.

Linux, kwa maana yake halisi, ni kiini tu: sehemu inayosimama baina ya programu na vifaa vya kompyuta. Linus Torvalds alianza kuitoa mwaka 1991. Mwenye kukijenga kiini hicho kutoka katika msimbo wake hulazimika kwanza kukisanidi, yaani kukipa kila kipengele uamuzi: y, kiingizwe ndani ya kiini, m, kijengwe kando kama moduli ya kupakiwa baadaye, n, kiachwe.

Hitilafu iliyo mashuhuri huzuka kwenye m. Kompyuta huwashwa, maandishi hupita kasi, kisha yote husimama kwa ujumbe kwamba kiini kimeshindwa kupachika mfumo wa faili wa mzizi. (Nimechagua “kupachika”, wanaistilahi watanihukumu.) Aghalabu kiendeshi cha diski, au mfumo wa faili kama ext4, kimefanywa moduli, na moduli yenyewe imo ndani ya diski ile ile. Ufunguo umefungiwa sandukuni. Ama m ibadilishwe kuwa y, ama iandaliwe initramfs, furushi dogo lenye moduli hizo linalotiwa katika kumbukumbu pamoja na kiini. Aliyepatwa na hayo asiharakishe kuifuta diski. Tasnifu yake ingali mle.

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na istilahi za ofisi zikapata Kiswahili. Maelezo ya usanidi wa kiini hayakubahatika hivyo, na kwa maoni yangu hicho ndicho kikwazo kikubwa kuliko ufundi wenyewe: mtu hujibu n kwa jambo asilolielewa.

Basi, msomaji, usianze patupu. Nakili faili ya usanidi ya kiini kinachofanya kazi, ambayo mara nyingi huwa katika /boot, uiite .config, kisha uendeshe make olddefconfig ili vipengele vipya vipewe majibu ya kawaida. Amri ya lspci -k itakuonyesha viendeshi vinavyotumika. Kipengele kisichoonekana katika menuconfig huenda kinategemea kingine kilichozimwa. Bonyeza / ukitafute, na masharti yake yatatokea. Kiini cha zamani usikiondoe mpaka kipya kiwe kimeiwasha kompyuta mara kadhaa.