Kituo cha serikali, kliniki ya binafsi au bima: nani analipa unapougua?



Siku chache zilizopita, tulipomaliza mazungumzo yetu ya kila wiki kuhusu maji safi, ulizuka ubishi barazani. Kijana mmoja mvuvi alisema kuwa akipata pesa hatakwenda tena kituo cha serikali. "Pale unakaa bicha tangu alfajiri, ukifika dirishani unaambiwa dawa hakuna. Kwa binafsi unalipa, lakini unatibiwa." Mzee mmoja aliyekuwa mwalimu huko Mocímboa da Praia akamjibu: "Sawa, mwanangu. Na siku utakapougua huna cha kulipa?" Hapo mama mmoja akauliza: "Na hiyo bima ya afya tunayoisikia kwa jamaa zetu wa Mtwara, sisi hatuwezi kuipata?"

Kila mmoja wao alikuwa na haki. Sisi activista hatuna ruhusa ya kukuamulia mahali pa kwenda, lakini ni wajibu wetu kukueleza mambo yalivyo ili uamue mwenyewe kabla ugonjwa haujaingia nyumbani. Jambo la kwanza la kufahamu ni hili: hakuna matibabu yasiyo na gharama. Daktari hula, dawa hununuliwa, gari la wagonjwa hutiwa mafuta. Kwa hiyo tujiulize ni nani anayelipa, na analipa lini.

TULIKOTOKA

Wazee wetu wanakumbuka kwamba Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 24 Julai, serikali ilitaifisha huduma za afya. Mwaka 1977 ikatoka sheria iliyofanya matibabu kuwa kazi ya dola, na udaktari wa biashara ukasimama. Mwaka huohuo Tanzania nayo ilipiga marufuku hospitali za kutafuta faida. Nia ilikuwa njema: mkulima wa Nangade atibiwe sawa na tajiri wa mjini.

Lakini vita vya miaka 16, vilivyokwisha mwaka 1992, viliharibu zahanati nyingi, na hazina ya serikali ilidhoofika. Mwishoni mwa mwaka 1991 sheria mpya iliruhusu tena matibabu ya binafsi katika nchi yetu. Tanzania ilifanya hivyo mwaka huohuo. Tangu wakati huo njia zote mbili zipo pamoja, na ubishi wa barazani kwetu umekuwapo pia.

Sisi wa pwani ya kaskazini tumepata pigo jingine. Tangu mashambulizi yalipoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017, hadi shambulio la Palma la tarehe 24 Machi 2021 na mengine yaliyofuata, vituo vya afya vimechomwa au kuporwa, na wahudumu wamekimbia kama sisi tulivyokimbia. Bicha unayoiona leo inatokana pia na hayo.

KITUO CHA SERIKALI: UNALIPA NINI?

Katika kituo cha afya cha serikali, ada ya kuonwa ni metikali 1, na dawa zilizoandikwa kwenye cheti (receita) ni metikali 5. Pesa hiyo haitoshi hata kununua vidonge vyenyewe. Sehemu kubwa hulipwa na kodi za wananchi na misaada ya nchi za nje.

Zaidi ya hayo, yapo matibabu ambayo hupaswi kulipia hata metikali 1:

- matibabu ya watoto wenye umri chini ya miaka 5;
- huduma za wajawazito na kujifungua;
- chanjo;
- kipimo na dawa za malaria;
- dawa za kifua kikuu;
- kipimo cha virusi vya ukimwi na dawa za kurefusha maisha.

Basi mbona watu wanalalamika? Kwa sababu gharama nyingine haziandikwi ukutani. Dawa ikikosekana dirishani, unatumwa ukanunue duka la binafsi kwa bei ya duka. Nauli ya chapa au pikipiki ni juu yako. Siku uliyokaa bicha hukwenda baharini wala shamba. Tena wapo wanaoombwa "refresco", yaani pesa ya pembeni, ili wapitishwe mbele. Hiyo si ada, ni rushwa, na sheria inaikataza.

Serikali nayo ina deni kwetu. Mwezi Aprili 2001, viongozi wa Afrika walikutana Abuja, Nigeria, wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti za nchi zao kwa ajili ya afya. Nchi nyingi hazijafika hapo. Pengo hilo ndilo linalofanya dirisha la dawa liwe tupu.

KLINIKI YA BINAFSI: FAIDA NA HATARI

Tusiwe waongo: kliniki nzuri ya binafsi ina faida. Foleni ni fupi, inafungua hata jioni, na mara nyingi dawa zipo. Mwenye uwezo akitibiwa huko, anapunguza msongamano kwa wasio na uwezo.

Hatari ni kwamba unalipa wakati mbaya kuliko wote, yaani wakati unaumwa, huna kazi na huna nafasi ya kuuliza bei. Mfanyabiashara mwaminifu atakutibu kwa kadiri ya ugonjwa. Asiye mwaminifu atakutibu kwa kadiri ya mfuko.

Nitakupa mfano wa mtaa wetu. Wakati wa mvua zilizopita, mtoto wa miaka miwili alishikwa na homa. Mama yake hakuwa mzembe. Wiki iliyotangulia alikwenda kituoni akarudi bila dawa, basi safari hii akaona asipoteze siku. Aliuza mchele na mafuta ya mgao, akaenda kwenye duka moja la dawa. Mtoto hakupimwa. Pesa ilitosha nusu ya dozi tu, naye muuzaji akampa hiyo nusu. Homa ilishuka siku mbili, kisha ikarudi na degedege. Tulimbeba usiku, na kituoni ikaonekana ni malaria kali na upungufu wa damu. Ilibidi mama akope nauli ya kumfuata mtoto hospitalini, na ndugu wawili wakatoa damu. Mtoto amepona, alhamdulillahi. Lakini nyumba ile ilikaa mwezi mzima na njaa, na deni halijaisha.

Angalia, ndugu msomaji: mama yule aliuza chakula ili anunue nusu ya kitu ambacho mtoto wake alikuwa na haki ya kukipata kizima bila malipo. Kilichomfukuza ni dirisha tupu la wiki iliyotangulia. Kwa hiyo tukimlaumu yeye peke yake tutakuwa tumekosea. Angemwambia mhudumu wa mtaa siku ile ya kwanza, tungeuliza kituo kingine au timu inayotembelea kambi.

NA BIMA JE?

Bima ya afya ni kuchanga kabla ya kuugua. Wengi wanatoa kidogo wakiwa wazima, na zile pesa zinamtibu yule aliyefikwa.

Tufanye hesabu. Familia 100 zikitoa metikali 200 kila moja kwa mwaka, mfuko unapata metikali 20,000. Familia 5 zikipata ugonjwa wa kugharimu metikali 4,000 kila moja, wote wanatibiwa na hakuna aliyeuza sufuria. Sasa chukua familia 20 tu, na zote zimejiunga kwa sababu tayari zina mgonjwa. Mfuko utakuwa na metikali 4,000. Mgonjwa wa kwanza anaumaliza.

Ndiyo sababu bima inahitaji watu wengi, wazima na wagonjwa pamoja. Jirani zetu Tanzania walianza mfuko wa afya ya jamii wilayani Igunga mwaka 1996, kwa hiari. Baadaye mfuko ulioboreshwa ulitoza kaya ya watu 6 shilingi 30,000 kwa mwaka. Waliojiunga walibaki wachache, na mwaka 2023 bunge likapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Kenya ilianza mfuko mpya mwezi Oktoba 2024: mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, na mwenye kipato kidogo hutoa angalau shilingi 300 kwa mwezi. Lakini mwanzoni mwa mwaka 2025 baadhi ya hospitali za binafsi huko zilisimamisha huduma kwa wenye bima, zikidai mfuko haujazilipa. Kwa hiyo kadi peke yake haitoshi. Lazima mfuko ulipe, na dawa ziwepo.

Hapa Msumbiji hakuna bima ya afya ya raia wote. Zipo bima za kampuni, ambazo waajiri wakubwa huwakatia wafanyakazi wao. Kijana wetu akipata kazi kwenye mradi wa gesi Afungi au kwa mkandarasi, aulize kabla ya kutia saini: Je, bima ipo? Inamhusu mke au mume na watoto? Inakoma siku mkataba unapokwisha? Hospitali gani inaipokea?

Wengine huchanganya bima na INSS. Katika INSS mfanyakazi hukatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri huongeza asilimia 4. Mfuko huo hutoa posho mfanyakazi anapougua au anapojifungua, na pensheni uzeeni. Haulipi bili ya kliniki ya binafsi. Hata hivyo ni haki yako, hakikisha mwajiri amekuandikisha.

KLINIKI ZA MASHIRIKA

Mtauliza: mbona kliniki ya kambi ni bure kabisa? Ni bure kwako kwa sababu kuna mtu wa mbali aliyelipa. Naye anaweza kuacha. Mwaka 2025 Marekani ilikata sehemu kubwa ya misaada yake, na huduma nyingi za afya nchini mwetu ziliguswa. Tushukuru kliniki ya kambi, lakini tusisahau kituo cha serikali. Mashirika huja na kuondoka, kituo kitabaki na watoto wetu. Tukidai kifanye kazi vizuri leo, tunajijengea kesho.

UFANYE NINI?

1. Anza na kliniki ya kambi au kituo cha serikali, na uende mapema. Mtoto mwenye homa asilale bila kupimwa malaria.

2. Usirudishwe kwa kukosa kitambulisho. Wengi wetu bilhete zilipotea njiani au ziliungua. Ukikataliwa, mwite mhudumu wa mtaa wako.

3. Ukiambiwa dawa hakuna, chukua cheti chako cha dawa utuonyeshe siku hiyohiyo. Usikitupe.

4. Ukiamua kwenda binafsi, uliza bei yote kwanza: kuonwa, kipimo na dawa. Omba risiti. Usinunue nusu ya dozi, na usikubali sindano bila kuelezwa ni ya nini.

5. Ukiombwa refresco, usitoe. Kumbuka siku, saa na dirisha. Peleka habari kwa kamati inayosimamia kituo pamoja na wananchi (comité de co-gestão), au iandikwe katika daftari la malalamiko. Asiyejua kuandika, tutamwandikia.

6. Akija mtu kambini kuuza "kadi ya bima", usimpe pesa kabla ya kutuuliza sisi na viongozi wa mtaa.

7. Wekeni akiba ya dharura. Kikundi cha upatu (xitique) chenye watu 20, kila mmoja akiweka metikali 10 kwa wiki, kitakuwa na metikali 2,000 baada ya wiki 10. Hiyo si bima na haitalipa upasuaji. Lakini italipa nauli ya kumfuata mgonjwa Mueda au Pemba, na chakula chake akiwa huko. Chagueni watu watatu wa kutunza sanduku na funguo.

Tukirudi kwenye ubishi wetu: mvuvi ana haki kudai huduma ya haraka, mwalimu ana haki kuuliza juu ya siku ya kukosa, na mama ana haki kutafuta njia ya kuchanga pamoja. Wote watatu wanataka kitu kimoja, kwamba mtu akiugua asichague kati ya dawa na chakula. Mpaka hapo tutakapofika, tumia ulicho nacho haki, na usikae kimya unaponyimwa.

Maswali yenu yaleteni barazani wiki ijayo, au kwa mhudumu wa afya wa mtaa wako. Mwenye mgonjwa nyumbani asingoje baraza. Atugongee mlango hata usiku.