Protini Iliyomo Kwenye Machicha na Ile Inayomfikia Nguruwe

Pombe ya busaa ikishachujwa hubaki machicha, rojo zito la kahawia lenye harufu ya uchachu. Mwenye nguruwe hawezi kuyaona yakimwagwa akanyamaza. Katika vilima vya chai vinavyozunguka soko la Kebirigo, kaunti ya Nyamira, chakula cha mifugo kinachopatikana kwa bei nafuu hakiachwi kipotee. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 605,576 katika kaunti hiyo, wastani wa watu 675 kwa kila kilomita ya mraba, na sehemu kubwa ya ardhi iliyobaki imevaa majani chai. Hakuna shamba la kupanda mahindi ya binadamu kisha mengine ya nguruwe. Familia nyingi za Abagusii ni Waadventista wa Sabato wasioila nyama hiyo, kwa hiyo nguruwe wengi hufugwa kwa ajili ya soko, na mfugaji wa soko hupiga hesabu ya kila kilo ya chakula.

Hesabu hiyo kwa kawaida huanzia kwenye protini, na hapo machicha yana sifa nzuri. Hamira ikichachusha nafaka hula sukari inayotokana na wanga na kuigeuza kileo na gesi ya kaboni. Protini, mafuta, madini na nyuzinyuzi haiziwezi, nazo hubaki zikiwa zimekolea. Viwanda vya Marekani, ambako zaidi ya theluthi ya mahindi ya nchi nzima huishia kuwa ethanoli ya magari, vimelionyesha jambo hili kwa kiwango kikubwa. Kilo 100 za mahindi hutoa, kwa makadirio, theluthi moja ethanoli, theluthi moja gesi na theluthi moja masalia makavu ya kulishia mifugo. Mahindi yaliyoingia yakiwa na protini ya asilimia 8 hivi hutoka kama masalia yenye asilimia 27 au zaidi. Chungu cha busaa hufuata njia hiyohiyo, ingawa uchachushaji wake haufiki mbali kama wa kiwandani, na sehemu ya unga hunywewa pamoja na pombe yenyewe.

Asilimia 27 ni namba ya kutamanisha. Tatizo ni kwamba inahesabu protini iliyomo ndani ya chakula, si ile inayoingia mwilini mwa mnyama.

Njia ya kuipata namba hiyo ilibuniwa mwaka 1883 na mkemia wa Denmark, Johan Kjeldahl, katika maabara ya kampuni ya bia ya Carlsberg jijini Copenhagen. Alipima naitrojeni iliyomo kwenye nafaka; maabara za leo huzidisha kipimo hicho kwa 6.25 na kukiita protini ghafi. Ni njia imara, ndiyo maana bado inatumika, lakini haitofautishi naitrojeni ya protini nzuri na ya protini iliyoungua. Haitambui hata naitrojeni isiyo ya protini kabisa: mwaka 2008 wafanyabiashara nchini China walitia melamini kwenye maziwa yaliyoongezwa maji ili kipimo kionekane kizuri, na watoto wachanga wakafa.

Ili kujua kinachomfikia nguruwe, watafiti huchungulia mahali ambapo utumbo mwembamba unaishia. Huweka mrija mdogo hapo kwa upasuaji, mnyama akipona hulishwa chakula kilichochanganywa na unga usiomeng'enywa, kama vile dioksidi ya titani, kisha kinachopita hukusanywa na kupimwa. Kwa nini wasipime kinyesi, kazi iliyo rahisi zaidi? Kwa sababu bakteria wa utumbo mpana huendelea kuila protini iliyobaki, na asidi amino, yaani vijenzi vya protini, zinazopotelea huko hazijengi msuli wowote. Kinyesi kingeonyesha kwamba protini imetumika, ilhali imewanufaisha bakteria.

Hans Stein wa Chuo Kikuu cha Illinois na Jerry Shurson wa Minnesota walikusanya vipimo vya aina hii katika mapitio yao ya mwaka 2009. Waligundua kwamba asidi amino nyingi za masalia ya ethanoli humeng'enywa kwa kiwango kilicho chini ya kile cha mahindi yenyewe. Iliyoanguka vibaya ni laisini. Kwa wastani, asilimia 62 tu ya laisini ilifyonzwa, na tofauti kati ya sampuli ilikuwa kubwa ajabu: nyingine zilikuwa na asilimia 44, nyingine 78. Magunia mawili yenye namba moja ya protini yanaweza kulea nguruwe wawili wasiofanana kabisa.

Laisini ndiyo inayoamua ukuaji wa nguruwe. Fundi wa milango mwenye mbao tele na bawaba chache atamaliza milango michache tu, na mbao nyingine zitabaki. Vivyo hivyo mwili ukikosa laisini, asidi amino nyingine huvunjwa na naitrojeni yake hutoka kwenye mkojo. Nguruwe wa kilo 25 hadi 50 anahitaji takriban gramu 15 za laisini inayomeng'enywa kwa siku. Akila kilo moja na nusu au zaidi kidogo ya masalia makavu ya ethanoli peke yake, atapata kama nusu ya hizo. Kilo moja ya mashudu ya soya humpa laisini inayokaribia mara tano ya ile anayoipata katika kilo moja ya masalia hayo.

Laisini hupotelea wapi? Jibu lina harufu ambayo kila mpika busaa anaijua. Mwaka 1912 mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza jinsi sukari na asidi amino zinavyoungana zikipashwa moto, zikizaa rangi ya kahawia na harufu tamu ya kitu kilichokaangwa. Laisini ndiyo inayoungana upesi zaidi, kwa sababu ina kikundi cha naitrojeni kilicho wazi pembeni hata ikiwa ndani ya protini. Kiwandani muungano huo hutokea kwenye mitambo ya kukaushia masalia. Kwenye busaa hutokea mapema, pale donge la unga uliochachishwa linapokaangwa juu ya bati la moto hadi ligeuke kahawia, kabla ya kuchanganywa na kimea cha wimbi. Ukaangaji huo ndio unaoipa pombe rangi na ladha yake, na ndio unaopunguza thamani ya machicha kwa nguruwe. Tena, laisini iliyofungwa na sukari inaweza kufyonzwa na bado isitumike, ikatoka ilivyo. Kwa hiyo hata kipimo cha utumbo huisifu kupita kiasi.

Rangi, basi, ni dalili ya bure kwa mfugaji. Machicha ya kahawia hafifu hubeba laisini nyingi kuliko yale meusi yenye harufu ya kuungua, hata kama yametoka kwenye mahindi ya gunia moja.

Machicha ya viwanda vya bia, kama kile cha Kisumu kilichofufuliwa mwishoni mwa miaka ya 2010, yana kasoro ya namna nyingine. Yakinunuliwa mabichi hayajaunguzwa na mitambo ya kukaushia, lakini kama robo tatu ya uzito wake ni maji: gunia la kilo 50 lina chakula kikavu cha kilo 12 hivi. Nyuzinyuzi zake ni nyingi, na nguruwe hana tumbo la ng'ombe. Mtama wa kutengenezea bia huongeza ugumu mwingine. Protini yake kuu, kafirini, ikipikwa na maji hujifunga kwa viungo vya salfa, na vimeng'enya vya tumboni hushindwa kuikatakata vizuri. Kwa ng'ombe wa maziwa machicha haya ni chakula bora kuliko yalivyo kwa nguruwe, na mfugaji mwenye mifugo yote miwili angefanya vyema kuyaelekeza kwa ng'ombe kwanza.

Uchachushaji una faida yake pia. Fosforasi ya mahindi imefungwa ndani ya kemikali iitwayo faiteti, na nguruwe hufaidi sehemu ndogo tu. Hamira na kimea huifungua, na katika masalia ya ethanoli zaidi ya nusu yake humeng'enywa. Madini ya kununua hupungua, na fosforasi inayomwagika na samadi kwenye vijito hupungua vilevile.

Lakini kinachokolea si kizuri peke yake, na hapa mfugaji hapaswi kubahatisha. Mahindi yaliyoota ukungu mara nyingi huonekana hayafai kwa ugali na huelekezwa kwenye pombe. Aflatoksini, sumu ya ukungu huo, haiharibiwi na uchachu. Hubaki kwenye masalia, ikiwa imekolea karibu mara tatu: mahindi yenye mikrogramu 20 kwa kilo huacha masalia makavu yenye mikrogramu zipatazo 60. Kenya haijasahau mwaka 2004, wakati mahindi yenye sumu hiyo yalipowaua watu 125 kati ya 317 waliougua, wengi wao Makueni na Kitui. Nguruwe ni miongoni mwa mifugo inayodhurika upesi, ini likiwa la kwanza kuharibika, na wadogo huumia zaidi ya wakubwa. Machicha ya mahindi yaliyooza hayafai kulishwa mnyama yeyote, hata yakipatikana bure.

Yaliyo safi yana nafasi yake, mradi yasiwe mlo mzima. Masalia makavu ya ethanoli yanaweza kufikia asilimia 30 ya chakula cha nguruwe anayekua bila kumrudisha nyuma, endapo laisini imesawazishwa. Nguruwe jike mwenye mimba, ambaye utumbo wake mpana umekomaa na hutumia nyuzinyuzi vizuri zaidi, huweza kupewa zaidi ya hapo. Mtoto aliyeachishwa kunyonya juzi asipewe. Machicha mabichi huharibika kwa siku chache tu, kwa hiyo yalishwe mapema au yashindiliwe kwenye pipa na kufungwa, hewa isiingie.

Pengo la laisini huzibwa na omena wa Ziwa Victoria, ambao bei yao hupandishwa na walaji wa mezani, au na soya. Soya lazima ipikwe, kwa maana ikiwa mbichi ina kizuizi cha vimeng'enya ambacho moto wa kiasi hukivunja. Njia ya tatu ni laisini ya unga, ambayo hutengenezwa kwa kuchachusha sukari kwa bakteria waliogunduliwa Japani katika miaka ya 1950. Gramu 10 hivi kwa siku zingetosha kumfidia nguruwe wa mfano wetu. Akishaipata, kinachofuata kupungua kwenye mlo wa masalia ya mahindi ni asidi amino ya triptofani, na hiyo huongezwa kwa omena au soya kidogo hata pale laisini ya unga inapotumika.