Baridi Yenye Majina na Moshi Usio na Jina

Wahenga walinena kuwa mtembezi hula miguu yake. Laiti wangalifika Kraków, kusini mwa Poland, mwezi wa Januari, wangaliongeza kwamba huila akiwa amekaa kitako juu ya barafu. Nilipata kufundisha katika mji huo majira mamoja ya baridi, na siku ya kwanza niliteleza mara mbili kabla ya kuuona mlango wa darasa. Hakuna aliyecheka. Ajuza mmoja aliyekuwa akipita alinionyesha jinsi ya kutembea: hatua fupi, magoti yamelegezwa, mfano wa bata. Nikawa bata, nikafika salama.

Lililonitatiza zaidi ya barafu ni saa. Sisi tusemao Kiswahili huhesabu saa toka macheo. Jua likichwa ni saa kumi na mbili, na mjadala umekwisha. Kraków, mwezi wa Desemba, jua huchomoza yapata saa moja na nusu asubuhi na kuchwa kabla ya saa kumi alasiri. Kila nilipotoka darasani tumbo lilidai chajio, ilhali wenyeji walikuwa wangali kazini.

Kisha kuna szatnia, yaani chumba cha kuwekea makoti, ambacho aghalabu hukikosi katika majengo ya umma. Koti langu nililinunua Gikomba, miongoni mwa mitumba, na huenda lilikuwa limerejea kwao. Bibi mtunza makoti aliligeuzageuza akitafuta kitanzi cha kulitundikia, asikione. Alinitazama kama mwalimu amtazamavyo mwanafunzi aliyekuja mtihanini bila kalamu. Nilikishona kitanzi usiku ule ule, yaani saa kumi na moja alasiri.

Kwa mwanaisimu, hata hivyo, adha hizo zina fidia yake. Wapolandi hawakuazima majina yote ya miezi yao kutoka Roma kama walivyofanya Waingereza, ambao nasi tuliwaazima. Mingi waliibatiza kwa yale waliyoyaona. Novemba ni listopad, kudondoka kwa majani. Desemba ni grudzień, jina litokanalo na mabonge ya udongo ulioganda. Februari ni luty, neno la kale lenye maana ya ukali. Mtoto wa huko hufunzwa methali isemayo kwamba luty yaja, basi vitie viatu njumu. Kalenda yenyewe ni mwalimu: humwonya mtu kabla hajateleza.

Lakini msomaji asidhani kwamba lugha hiyo iliona kila kitu. Wenyeji wangu waliuogopa mno upepo upenyao kati ya dirisha na mlango. Dirisha likiachwa wazi kidogo, mtu huinuka na kulifunga, akihofia shingo yake. Ilhali hatari kubwa zaidi ilikuwa katika hewa yenyewe. Kraków imelala katika bonde la mto Wisła. Siku za baridi zisizo na upepo, hewa yenye joto hutanda juu na kuifunika ile baridi iliyo chini, mfano wa kifuniko cha sufuria, na moshi wa majiko ya makaa ya mawe hukosa pa kwenda. Kwa miaka mingi watu waliuvuta na kuuona kuwa ni sehemu ya majira. Hata jina lake, smog, waliliazima kwa Waingereza, waliokuwa wameliunda kwa kuunganisha moshi na ukungu.

Mwaka wa 2012 raia wa mji huo waliunda chama cha kupigania hewa safi. Januari 2016 baraza la jimbo lilipitisha azimio, na kuanzia tarehe 1 Septemba 2019 ikawa marufuku kuchoma makaa ya mawe na kuni majumbani. Kraków ikawa mji wa kwanza nchini humo kuchukua hatua hiyo. Moshi wa vijiji jirani haukusoma tangazo hilo, lakini angalau kitu sasa kilikuwa na jina, nacho chenye jina huweza kushtakiwa.

Nayasimulia haya si kwa kuwacheka Wapolandi. Sisi tuna neno moshi tangu enzi na enzi, lakini hulitumia kama habari njema: moshi ukifuka jikoni, chakula ki njiani. Mama mwenye macho mekundu mbele ya mafiga hatumwiti mgonjwa, twasema anapika. Mpishi wa shule akikohoa kutwa, twasema amezeeka. Walimu na wanafunzi wenzangu, tuanzie papo hapo. Kabla ya kuomba jiko jipya lenye dohani, tukubaliane kwanza kwamba kikohozi kile si uzee, tukitafutie jina lake la haki.